Chelomei: Mjenzi wa roketi ya vita iliyopandisha setilaiti juu ya Elburgon

MJI wa Elburgon, katika eneo la Molo, Nakuru, unafahamika zaidi kwa mbao na baridi. Viwanda vya kupasua mbao ndivyo vilivyoukuza, msitu wa Mau ukaupa riziki, na reli iendayo Kisumu ikaufungulia njia ya kufikia masoko. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mji huo umekaa mahali pa pekee ukiutazama kutoka angani. Uko kusini kidogo tu mwa Ikweta, na karibu kabisa na mstari wa longitudo 36 mashariki.

Juu ya mstari huo huo, kilomita zipatazo 35,800 kutoka usawa wa Ikweta, ndipo zilipopangwa setilaiti ambazo kwa miaka mingi zimesambaza matangazo ya runinga ya kulipia katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Kwa umbali huo setilaiti huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, hivyo mtu aliye chini huiona kana kwamba imesimama tuli. Fundi wa dishi mjini London hulielekeza dishi lake upande wa upeo wa macho. Fundi wa Elburgon hulielekeza karibu utosini.

Mojawapo ya setilaiti hizo ni Eutelsat W7, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikaitwa Eutelsat 36B. Iliondoka kituo cha Baikonur nchini Kazakhstan tarehe 24 Novemba 2009, wakati saa za Kenya zilipokuwa saa kumi na moja na dakika 19 jioni. Ilikuwa na uzani wa zaidi ya tani tano na nusu, mali ya kampuni ya Ulaya iliyotafuta faida, na ilibebwa na roketi ya Kirusi iitwayo Proton. Baada ya takriban saa tisa, roketi iliutua mzigo wake na setilaiti ikajikokota yenyewe hadi mahali pake. Kombe la Dunia lilipoanza Afrika Kusini mnamo Juni 2010, tayari ilikuwa kazini.

Aliyeibuni roketi hiyo, Vladimir Nikolayevich Chelomei, alikuwa kaburini kwa miaka 25. Wala hakuibuni ili watu watazame soka. Aliibuni ibebe bomu la nyuklia, kubwa kupita mabomu yote ambayo makombora ya wakati huo yaliweza kubeba. Namna chombo hicho cha maangamizi kilivyogeuka kuwa mchukuzi wa picha na sauti ndicho kisa cha maisha yake.

Mwana wa walimu

Chelomei alizaliwa tarehe 30 Juni 1914 katika mji wa Siedlce, ambao leo uko Poland lakini zama hizo ulikuwa chini ya dola ya Urusi. Baba na mama yake walikuwa walimu. Majuma machache baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka, na familia hiyo ikakimbilia Poltava, nchini Ukraine. Mnamo 1926 ilihamia jiji la Kyiv, na ni huko ambako kijana huyo alijifunza kwanza ufundi wa magari, kisha uhandisi wa ndege.

Alikuwa mwanafunzi wa aina ambayo walimu huiona kwa nadra. Kabla hajahitimu alikwisha chapisha kitabu cha hesabu kwa matumizi ya wanafunzi wenzake, na mnamo 1937 alimaliza masomo katika Taasisi ya Usafiri wa Ndege ya Kyiv mwaka mmoja mbele ya wenzake. Fani iliyomvutia ilikuwa mitetemo: ni kwa nini injini hutikisika, ni lini mtikisiko huo huivunja, na ni vipi mtu anaweza kuutuliza au hata kuutumia.

Udadisi huo ndio uliomfungulia mlango. Mnamo 1941 aliingia katika taasisi kuu ya utafiti wa injini za ndege mjini Moscow, na mwaka uliofuata, vita vikiwa vimepamba moto, akaunda injini iliyosukuma chombo kwa mapigo ya milipuko midogo midogo iliyofuatana. Hakujua kwamba Wajerumani walikuwa na injini ya namna hiyo hiyo.

Siri hiyo ilifichuka Juni 1944, makombora ya Ujerumani yaitwayo V-1 yalipoanza kuangukia London. Serikali ya Stalin ilitaka silaha kama hiyo bila kukawia. Mwezi Oktoba mwaka huo Chelomei, akiwa na umri wa miaka 30 tu, alikabidhiwa kiwanda kizima ambacho mkuu wake wa awali, mbunifu mashuhuri wa ndege Nikolai Polikarpov, alikuwa amefariki miezi michache kabla. Alipewa pia mabaki ya V-1 ayachunguze.

Kuanguka mara ya kwanza

Kwa miaka minane alijenga makombora ya aina hiyo, akiyaboresha moja baada ya jingine. Hata hivyo, hayakuwa na shabaha ya kuridhisha, na jeshi halikuyapenda. Mapema 1953, muda mfupi kabla ya kifo cha Stalin, ofisi yake ilifungwa na kiwanda chake kikapewa wabunifu wa ndege za MiG. Chelomei alibaki na kazi ya ualimu katika chuo cha ufundi cha Bauman mjini Moscow.

Wengi wangekata tamaa. Yeye aliendelea kuchora. Wazo aliloliibua katika kipindi hicho cha ukiwa lilikuwa jepesi kulieleza lakini gumu kulitekeleza: kombora likunje mabawa yake na kuishi ndani ya bomba jembamba, kisha liyakunjue lenyewe mara tu litokapo. Makombora ya wakati huo yalihitaji mabaharia watoke nje ya nyambizi na kuyaunganisha mabawa kwa mikono, huku adui akiwaona. La Chelomei lingekuwa tayari katika muda mfupi mno.

Jeshi la wanamaji lililiona jambo hilo kuwa neema. Mnamo 1955 alipewa ofisi mpya huko Reutov, nje kidogo ya Moscow, na kombora lake la P-5 likaingia katika nyambizi za Kisovieti kufikia 1959.

Rafiki wa wakubwa

Mnamo Machi 1958 mhandisi kijana aliajiriwa katika ofisi hiyo ya Reutov. Jina lake lilikuwa Sergei Khrushchev, na baba yake, Nikita Khrushchev, ndiye aliyekuwa kiongozi wa Muungano wa Kisovieti. Iwapo Chelomei alimwajiri kwa sababu ya ujuzi wake au kwa sababu ya jina lake, watu wamebishana tangu siku hiyo. Lisilobishaniwa ni kwamba tangu wakati huo milango ya ikulu haikumfungia tena. Mnamo 1960 alikabidhiwa ofisi nyingine ya wabunifu huko Fili, Moscow, pamoja na mafundi wake waliozoea kujenga ndege kubwa za kivita.

Jambo hilo lilimuudhi Sergei Korolev, mtu aliyekuwa amerusha Sputnik mnamo Oktoba 1957 na Yuri Gagarin mnamo Aprili 1961. Korolev hakuwa na jina hadharani, kwani serikali ilimficha, lakini katika fani hiyo alikuwa ndiye simba. Ghafla akatokea simba wa pili. Dmitri Ustinov, aliyesimamia viwanda vya silaha tangu enzi za Stalin, naye hakupendezwa na mtu aliyempita na kwenda moja kwa moja kwa mkuu wa nchi. Uhasama huo ulidumu maisha yote.

Tarehe 30 Oktoba 1961 Wasovieti walilipua juu ya visiwa vya Novaya Zemlya bomu la megatani 50, kubwa kuliko lolote lililowahi kulipuliwa. Lilibebwa na ndege, na ndege zilikuwa rahisi kutunguliwa. Khrushchev alitaka kombora la kubeba mzigo wa jinsi hiyo hadi Marekani. Mnamo Aprili 1962 kazi hiyo iliidhinishwa, na kombora likapewa jina la UR-500.

Roketi iliyopimwa kwa reli

Tatizo la kwanza la Chelomei halikuwa anga bali reli. Viwanda vilikuwa Moscow na uwanja wa kurushia ulikuwa Baikonur, zaidi ya kilomita 2,000 mbali. Kila kipande kilipaswa kusafiri kwa garimoshi, na reli ya Kisovieti haikupitisha kitu chenye upana wa zaidi ya mita nne na ushei. Roketi nene isingepita kwenye madaraja na mahandaki.

Jibu lake lilikuwa kujenga pipa moja kuu la upana ambao reli iliukubali, kisha kulizungushia mapipa sita membamba yaliyosafirishwa peke yake na kuunganishwa Baikonur. Kila pipa dogo lilikuwa na injini yake chini. Injini hizo, zilizotengenezwa na Valentin Glushko, zilikuwa miongoni mwa zenye nguvu na ustadi mkubwa kuliko zote za zama hizo.

Zilitumia mafuta ambayo huwaka yenyewe yanapokutana, bila kuhitaji kiberiti wala cheche, na ambayo yanaweza kukaa ndani ya kombora muda mrefu. Kwa silaha, hiyo ni sifa. Kwa binadamu, ni balaa, kwani ni sumu kali ikivutwa au ikigusa ngozi. Korolev aliyapinga mafuta hayo kwa nguvu zote. Hoja yake haikupuuzika, kama watu wa Kazakhstan walivyokuja kushuhudia baadaye.

Mnamo Septemba 1964 Khrushchev alizuru Baikonur na kuonyeshwa kombora hilo, lenye urefu wa jengo la ghorofa nyingi. Halikuwa limeruka bado. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Oktoba 1964, Khrushchev alipinduliwa na wenzake wa chama.

Aliye juu mngoje chini. Waliomchukia Chelomei walikuwa wakiingoja siku hiyo. Tume iliundwa kuichunguza ofisi yake, na miradi yake kadhaa ikafutwa. Kombora la UR-500 nalo lilikuwa karibu kuzikwa, kwa kuwa hata majenerali waliona bomu kubwa kiasi hicho halina maana, na gharama ya kulichimbia mahandaki ya kulihifadhi ilitisha.

Ni hapo ndipo roketi ilipookolewa kwa kubadilishiwa kazi. Wataalamu, akiwemo rais wa Chuo cha Sayansi Mstislav Keldysh, walitetea kwamba chombo chenye nguvu kiasi hicho kingefaa kupeleka mizigo mizito angani. Tarehe 16 Julai 1965 kiliruka mara ya kwanza, kikiwa kimebeba maabara ya tani 12 ya kuchunguza miale itokayo angani. Maabara hiyo iliitwa Proton, na jina hilo likahamia kwa mbebaji wake. Hakuna hata Proton moja iliyowahi kuwekwa vitani.

Kutangulia si kufika

Chelomei alitaka roketi yake iwazungushe wanaanga wa Kisovieti mwezini kabla ya Wamarekani. Mwishoni mwa 1965 chombo alichokibuni kwa safari hiyo kilifutwa, na ikaamuliwa kwamba roketi yake ibebe chombo cha Korolev. Korolev mwenyewe alifariki Januari 1966 akifanyiwa upasuaji. Mnamo Septemba 1968 Proton ilikipeleka chombo cha Zond 5, kikauzunguka mwezi na kurudi duniani kikiwa na kobe waliokuwa hai. Lakini roketi hiyo ilishindwa mara nyingi mno katika miaka hiyo, na hakuna aliyethubutu kumpandisha binadamu. Mnamo Aprili 1969 Proton iliyobeba chombo cha kwenda Mirihi ilianguka na kulipuka karibu na jukwaa lake, ikimwaga sumu pembeni. Miezi mitatu baadaye Wamarekani walitua mwezini.

Roketi kubwa ya N-1 aliyoiacha Korolev ilirushwa mara nne kati ya 1969 na 1972 na kuharibika mara zote nne. Proton, iliyodharauliwa, iliendelea kurekebishwa kimya kimya. Mnamo Aprili 1971 ilikipandisha kituo cha kwanza cha angani duniani, Salyut 1. Baadaye ilipandisha vituo vya kijeshi vya Chelomei mwenyewe vya Almaz, kimojawapo kikiwa na mzinga.

Hata hivyo, mabadiliko yaliyokuja kuigusa Afrika yalianza bila vishindo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 Proton ilianza kupeleka setilaiti za mawasiliano katika ule umbali wa kilomita 35,800: Raduga mnamo Desemba 1975, kisha Ekran mnamo 1976 iliyowafikishia watu wa vijiji vya Siberia picha za runinga. Wakati huo Kenya ilikuwa tayari na kituo chake cha Longonot, kilichofunguliwa mnamo 1970 katika Bonde la Ufa, na dishi lake kubwa lilikuwa likipokea simu kutoka ng'ambo. Mataifa yalikuwa yameanza kuona kwamba anga si uwanja wa vita pekee.

Mwisho wa Chelomei haukuwa na heshima aliyoitarajia. Ustinov alifanywa Waziri wa Ulinzi mnamo 1976, na kisasi cha miaka mingi kikapata nafasi. Vituo vya Almaz vilisimamishwa, na mnamo Desemba 1981 serikali ilimpiga marufuku kushughulika na kazi za angani. Mtu aliyekuwa ametunukiwa nishani ya Shujaa wa Kazi ya Kijamaa mara mbili alibaki na makombora ya wanamaji tu.

Mwishoni mwa 1984 gari lake mwenyewe lilimgonga na kumvunja mguu kwenye nyumba yake ya mashambani. Akiwa hospitalini, damu iliyoganda ilimuua tarehe 8 Desemba 1984, akiwa na umri wa miaka 70. Alizikwa katika makaburi ya Novodevichy mjini Moscow. Siku 12 baadaye Ustinov naye akafariki. Kituo cha Almaz kilichokuwa kimefungiwa ghalani kilirushwa mnamo 1987, bila watu ndani, na kikafanya kazi. Roketi iliyokibeba ilikuwa Proton.

Silaha yageuka bidhaa

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mnamo 1991, viwanda vya Fili vilikuwa na mafundi hodari na mishahara isiyolipwa. Wakatafuta wanunuzi. Kampuni za Magharibi zilikuwa na setilaiti nzito na roketi chache, na Proton ilikuwa na bei nafuu. Ushirika wa kibiashara uliundwa kati ya Warusi na kampuni ya Marekani ya Lockheed, watu wale wale ambao kombora hilo lilikuwa limebuniwa kuwaangamiza. Mnamo Aprili 1996 Proton ilirusha Astra 1F, setilaiti yake ya kwanza ya kibiashara kutoka Magharibi. Wateja wengine wakafuata, hadi ikawadia zamu ya Eutelsat W7.

Faida hiyo ilikuwa na upande wa pili. Urusi hulipa Kazakhstan dola milioni 115 kila mwaka kwa kuitumia Baikonur, lakini kodi haiondoi sumu ardhini. Mnamo Septemba 2007 Proton iliyobeba setilaiti ya Kijapani ilianguka katika nyika za Kazakhstan. Mnamo Julai 2013 nyingine iligeuka na kuporomoka sekunde chache baada ya kuondoka, na wachunguzi wakagundua kwamba vifaa vya kuhisi mwelekeo vilikuwa vimefungwa juu chini. Wafugaji wanaoishi chini ya njia ya roketi hiyo ndio waliolipa sehemu ya gharama ya picha zilizoonekana katika nchi za mbali.

Biashara yenyewe haikudumu. Roketi za Marekani zinazorudi na kutumiwa tena zilishusha bei, na vita vya Urusi nchini Ukraine kuanzia Februari 2022 vikawafukuza wateja wa Magharibi waliosalia. Angola ilikuwa miongoni mwa mataifa ya mwisho ya kigeni kuitumia Proton, ilipopeleka Angosat-2 angani mnamo Oktoba 2022. Machi 2024, setilaiti ya kuirithi ile ya 2009 katika longitudo 36 mashariki ilipandishwa na roketi ya Falcon 9 kutoka Florida.

Kufikia wakati huo Proton ilikuwa imeruka zaidi ya mara 400 katika muda wa karibu miaka 60. Iliwahi kupeleka vyombo Mirihi na Zuhura, kituo cha Mir mnamo 1986, na kipande cha kwanza cha Kituo cha Kimataifa cha Angani mnamo Novemba 1998. Khrushchev aliyeiagiza alidhani itamtisha adui. Ustinov alidhani angemzima aliyeibuni. Wote wawili walikosea, kwa sababu hesabu za mitetemo na mapipa yaliyopimwa kwa upana wa reli hazikuwa na chama wala kiongozi.

Chelomei hakuwa malaika. Alijipendekeza kwa wakubwa, akashindana kwa hila na wenzake, na maisha yake yote alijenga silaha. Lakini kila alipoangushwa alirudi kwenye karatasi na kalamu, na kazi aliyoifanya kwa uangalifu ilipata matumizi mema kuliko yale aliyotumwa. Vijana wa Molo, Njoro na Elburgon wanaosomea ufundi leo, wawe wa umeme, wa magari au wa kupasua mbao, wanaweza kuichukua sehemu hiyo ya maisha yake na kuiacha ile nyingine.